Rosa Alipata Mahakimu, Hakupata Msikilizaji

Kila anayesoma Rosa Mistika hubaki na swali moja: nani alaumiwe? Baba? Shule? Rosa mwenyewe? Euphrase Kezilahabi, aliyeichapisha riwaya hiyo mwaka 1971, anatuchokoza makusudi. Zakaria anamtandika bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua na woga, na akifika mbali na nyumbani anajiachilia. Mwishowe anajiua, na mwandishi anatupeleka mbele ya Mungu, baba na binti wakishtakiana.

Mara ya kwanza nilimhukumu Zakaria, nikafunga kitabu. Mara ya pili nilikuwa nimetoka kwenye miezi ambayo mimi mwenyewe sikutaka kuamka. Safari hii sikutafuta mkosaji. Nilimtafuta mtu mmoja tu wa kumwuliza Rosa, "Una nini?" kisha akae asikie jibu. Sikumpata. Wapo wanaompenda, kama mama yake, Regina. Wapo wanaomtamani, wapo wanaomsema. Wa kumsikiliza hayupo.

Riwaya hii ina nguvu kwa sababu inaonyesha kwamba kifo kama hiki hakiji kwa siku moja. Fimbo, aibu na kunyamaza vimekiandaa mapema. Lakini ile mahakama ya mbinguni, ingawa ni tamu kuisoma, inamgeuza Rosa kuwa hoja. Tunabishana kuhusu malezi, tunamsahau msichana aliyekuwa bado anaweza kufikiwa.

Na sisi je? Hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo, ukinusurika, ungeweza kukutana na polisi kabla ya kukutana na mshauri. Sasa hapo ungemwambia nani? Ungesema tu, "Niko poa."

Mimi nilisema "niko poa" mpaka rafiki niliyekuwa nakaa naye Roysambu akazima muziki, akaniuliza bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Wengi huliogopa swali hilo, eti litampa mtu wazo. Halimpi. Mimi lilinipa mahali pa kuutua mzigo. Nikasema ndiyo. Hakunihubiria. Alikesha nami, na asubuhi tukaenda hospitali pamoja.

Kwa hivyo isome Rosa Mistika. Bado inauma, na inafaa iume. Ila ukifika mwisho, usikimbilie kutoa hukumu. Rudi nyuma, utafute ukurasa ambao ungeingia ukamwuliza Rosa. Halafu mwulize aliye karibu nawe.

Na kama usiku huu Rosa ni wewe, piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Si lazima upange maneno. Anza na "siko poa."