Pamba Ndiyo Iliyomuunguza Bi Harusi

Ukucha wa kidole cha shahada cha bi harusi ulipopasuka usiku ule wa hina pale Ujiji, Kigoma, kazi ilikuwa bado inaokoleka. Iliharibika mpambaji alipochukua pamba. Mliokuwepo mliona: alimimina supagluu juu ya ufa, gundi ikachuruzika hadi pembeni mwa ukucha, naye akaikandamiza kwa pamba ili inyonywe. Bi harusi akapiga kelele. Uamuzi ule ulikuwa kosa tupu, wala haraka ya shughuli haiutetei.

Supagluu huganda ikikutana na unyevu, na ikiganda hutoa joto. Tone dogo juu ya ukucha halisumbui. Pamba ina nyuzi nyingi mno: gundi hutapakaa kwenye nyuzi zote, ikaganda kwa mkupuo, na joto linalotoka linatosha kuunguza ngozi na hata kufusha moshi. Gundi hii iko madukani tangu 1958. Anayeishika kila siku kazini hana udhuru wa kutojua tabia yake. Kisha akaongeza kosa juu ya kosa kwa kuivuta ile pamba, badala ya kukikimbiza kidole kwenye maji baridi ya kutiririka kwa dakika 20 na kuiacha ilegee yenyewe.

Na dawa ya ufa anaijua kila fundi wa kucha. Futa mafuta yote, hasa kama mteja amepakwa mafuta ya mise, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta. Kata kipande cha karatasi ya mfuko wa chai kinachotosha ufa, tia tone la gundi ya kucha, laza karatasi kwa kijiti, ngoja ikauke, piga msasa taratibu, paka rangi. Gundi ya kucha nayo ni ya ukoo wa supagluu. Usalama uko kwenye kipimo, na pamba kukaa mbali.

Kumtendea haki mpambaji, vidole tisa vilivyobaki vilipakwa vizuri, tabaka mbili nyembamba, kingo safi.

Nimelisema hili tangu rangi za jeli zilipoingia Mwanga, hapa Kigoma, na nitalirudia: tumekuwa hodari wa kubandika, wavivu wa kutengeneza. Watu wanang'oa jeli kwa meno, wakati remova na dakika kumi na tano zingetosha. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Tabaka ulilolichuna leo utaishi na kovu lake miezi kadhaa. Wengine wanatoka kuosha dagaa Kibirizi na kupaka rangi papo hapo. Ukucha uliolowa hufura, ukikauka husinyaa, rangi inabanduka, lawama anapewa muuza rangi.

Mabibi wa Ujiji waliokuwa wakipaka hina walikuwa mafundi kuliko wapambaji hawa wa leo. Rangi ya hina huingia ndani ya ukucha, haina cha kubanduka. Na ukucha wa bi harusi ukivunjika, bibi alichukua mkasi akafupisha zote kumi zilingane, shughuli ikaendelea. Uamuzi wa dakika chache, hakuna aliyeungua.

Wapambaji wetu, gundi ikifunguliwa, pamba itoke chumbani. Na ninyi maharusi, mkiona vyote viwili mezani, ondoeni mkono.