Bati Begani: Dansi la Jikoni Lilivyohamia Houston

Mwaka 1946, huko Port Arthur, mji wa viwanda vya kusafishia mafuta katika pwani ya Texas, Clifton Chenier aliinama akachora kitu mchangani. Alikuwa kijana wa miaka 21, mpiga kodiani kutoka mashambani karibu na Opelousas, Louisiana. Aliyetazama mchoro huo ni Willie Landry, fundi wa kuchomelea vyuma. Chenier alitaka bati la migongo lililopindwa juu ili likae mabegani kama fulana, lishuke hadi tumboni, na lisiwe na mbao hata kipande. Landry akalitengeneza. Cleveland, kaka yake Clifton, akalivaa.

Wakrioli wa Louisiana, watu weusi wenye asili ya lugha ya Kifaransa, huliita frottoir, neno la Kifaransa lenye maana ya kitu cha kusugulia. Leo ni nadra kuona bendi ya zydeco, muziki wa dansi wa Wakrioli hao, ikipanda jukwaani bila hilo bati. Lakini halikubuniwa kwa ajili ya mbwembwe. Lilikuwa jibu la tatizo la zamani.

Mashambani kusini-magharibi mwa Louisiana, dansi lilifanyika nyumbani kwa mtu. Jumamosi jioni vitanda na meza vilitolewa nje, watoto wakalazwa chumba cha nyuma, na sebule au jiko likageuka ukumbi. Shughuli hiyo iliitwa la la, na muziki wake ukaitwa hivyohivyo. Umeme haukuwepo. Kulikuwa na kodiani, pengine fidla, na ubao wa kufulia nguo wenye uso wa bati, uliokwaruzwa kwa kijiko. Nyumba ikijaa watu wenye viatu juu ya sakafu ya mbao, vishindo vya miguu huimeza kodiani. Mkwaruzo wa bati, kwa kuwa ni mwembamba na mkali, hupenya. Kodiani ilibeba wimbo. Bati lilimwambia mchezaji mguu uangukie wapi.

Hatua zenyewe zinafaa chumba kidogo. Mguu mmoja unakanyaga na kusubiri pigo moja, zinafuata hatua mbili za haraka, kisha upande wa pili vivyo hivyo, mpaka mapigo manane yatimie. Magoti yamelegea, kifua kimetulia. Wawili wanaweza kuumaliza wimbo mzima bila kutoka nje ya eneo la mkeka mmoja.

Ubao wa kufulia ulikuwa na kasoro zake. Fremu ya mbao ilipunguza mlio, na mpigaji alilazimika kuushikilia kwa mkono mmoja au kuubana mapajani, kwa hiyo mara nyingi alicheza ameketi. Fulana ya Landry iliondoa yote hayo kwa mpigo mmoja. Uzito ukahamia mabegani, mikono yote miwili ikawa huru, na eneo la kukwaruza likapanuka kutoka kifuani hadi kiunoni. Cleveland alishika vifungua chupa kadhaa katika kila mkono, hivyo mpitisho mmoja ulitoa mikwaruzo mingi iliyofuatana kwa karibu, kama mvua inayoanza kunyesha juu ya paa. Isitoshe, mtu aliyesimama huweza kuisogelea maikrofoni, au kuiacha na kuwafuata wachezaji.

Kodiani nayo ilibadilika. Ile ya mashambani, aina aliyoitumia Amédé Ardoin aliporekodi mwaka 1929 pamoja na mpiga fidla Dennis McGee, ilikuwa na vitufe 10 upande wa wimbo. Kila kitufe hutoa noti mbili: moja mvukuto ukisukumwa, nyingine ukivutwa. Kusukuma na kuvuta huko huupa wimbo mrusho unaoamsha miguu, ila noti zake ni za ufunguo mmoja, na bluzi hutaka noti zilizojificha katikati. Chenier alichukua kodiani yenye vibonyezo kama vya piano, ambayo ina noti zote 12. Sasa aliweza kupiga waltzi za Kikrioli, kisha bluzi zilizotamba mijini, bila kubadilisha ala. Mrusho wa mvukuto ulipopungua, bati na ngoma vikaubeba.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapa huenda akakumbuka mwomboko wa Wakikuyu: kodiani moja na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Watu wasiojuana, bahari ikiwa katikati yao, waligawa kazi kwa namna ileile. Upepo uimbe, chuma kihesabu.

Kilichobaki ni mahali pa kuchezea. Wakrioli walianza kujenga mtaa wa Frenchtown, ndani ya Fifth Ward mjini Houston, mwaka 1922, na wengine wakawafuata baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Walikuja na la la yao, lakini sebule ya mjini ina majirani, na wageni walizidi kuongezeka. Dansi likahamia kwenye migahawa na vilabu. Irene's Café ilikuwa mojawapo. Hapo ndipo Chris Strachwitz, mwenye kampuni ya santuri ya Arhoolie, alimrekodi mpiga kodiani Willie Green mwaka 1961.

Klabu, hata hivyo, ina mipaka yake. Mtoto haruhusiwi kuingia, bibi hapendi kuonekana hapo, na mwenye nyumba akifa au akifilisika milango hufungwa. Suluhisho la kudumu lilitoka parokiani. Parokia za Kikatoliki zenye waumini Wakrioli zilipeana zamu za Jumamosi: wiki hii ukumbi wa Our Mother of Mercy, wiki ijayo ukumbi wa wengine. Anayeujua upatu ataelewa mara moja. Hakuna parokia iliyomnyang'anya mwenziwe wachezaji, kwa sababu wachezaji walikuwa walewale, wakihama pamoja na zamu. Fedha za mlangoni na za sahani za gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana, ziliingia mfuko wa parokia, bendi ikapata kazi ya uhakika, na mjukuu akajifunza hatua akiwa ameshikwa mkono na babu yake.

Fort Worth, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kuelekea kaskazini, ilikuwa imepita njia nyingine kutoka dansi la nyumbani hadi ukumbini. Bob Wills, mpiga fidla wa dansi za nyumbani katika mashamba ya mifugo, alikutana na mwimbaji Milton Brown mwaka 1930. Mwaka uliofuata bendi yao ilipata mfadhili, kiwanda cha unga cha Burrus Mill, ikaitwa Light Crust Doughboys na kusikika redioni. Brown alijitoa mwaka 1932, akaunda Musical Brownies na kuujaza ukumbi wa Crystal Springs. Tatizo la kusikika walilimaliza kwa umeme: Januari 1935, Bob Dunn wa bendi hiyo alirekodi mjini Chicago akipiga gitaa la kulaza lililounganishwa na amplifaya. Aprili 1936 Brown alifariki kutokana na ajali ya gari, na bendi yake haikudumu baada yake. Zamu za parokia za Houston hazikumtegemea mwimbaji mmoja namna hiyo.

Hata jina la zydeco lilipata tahajia yake Houston. Wakrioli wana msemo kwamba maharage hayana chumvi, yaani hali ni ngumu, hata nyama ya chumvi ya kutia sufuriani hakuna. Maharage kwa Kifaransa ni les haricots, na yakitamkwa haraka husikika kama "lezariko". Sauti hiyo iliandikwa kwa namna nyingi hadi mtafiti Mack McCormick, aliyefanya kazi Houston, alipoiandika zydeco karibu na mwaka 1960. Februari 1964 Strachwitz alimrekodi Chenier katika studio ya Gold Star mjini humo, na albamu ya 1965 ikalichapa neno hilo kwenye jalada: Louisiana Blues and Zydeco. Strachwitz alitaka nyimbo za Kifaransa, Chenier akataka bluzi za kisasa. Wakagawana santuri, kila mmoja na upande wake.

Chenier alipata tuzo ya Grammy mwaka 1984 na kufariki Desemba 1987. Miaka hiyohiyo Step Rideau, kijana kutoka Lebeau, Louisiana, alikuwa amehamia Houston kutafuta kazi. Huko kwao alikulia kati ya watu wa la la bila kugusa kodiani. Alijifunza kuipiga Houston, akaunda bendi ya Zydeco Outlaws. Ala aliyoichagua ni kodiani ya vitufe, ile ambayo Chenier aliiweka kando, sasa ikiwa na gitaa la besi na ngoma nyuma yake. Pembeni yake jukwaani yupo mtu amevaa bati.