Mashine Isemayo Bila Kusikia

Mwaka 2025, tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilimwendea Mkenya Elly Savatia kwa programu iitwayo Terp 360. Programu hiyo hupokea maneno yaliyosemwa au kuandikwa, na kwa msaada wa akili mnemba huyageuza kuwa lugha ya alama, kwa mikono ya mtu wa kuchorwa kwenye skrini. Nampongeza kijana huyo kwa moyo mweupe. Alama zenyewe zimechukuliwa kutoka miili ya watu, hazikubuniwa ofisini.

Lakini nikimfikiria mtoto kiziwi wa huku kwetu Mzinga, chini ya Uluguru, nina neno. Alama zile zilianzia Kenya, na Lugha ya Alama ya Tanzania si lugha ileile. Hilo ni la muda na fedha. Zito ni kwamba kazi iliyotuzwa ni ya njia moja, kutoka kinywani kwenda mikononi. Kiziwi hapa ni mashine! Mtoto akiwa na swali, nyusi zitainuka, vidole vitasema, na mwalimu asiyejua alama atatabasamu na kurudi ubaoni.

Tena naiogopa hesabu ya wakubwa: kama mashine ipo, mwalimu wa alama wa nini? Mimi ningependa mwalimu aichukue programu hiyo jioni, ajifunzie alama zake nyumbani, kisha asubuhi aizime na kumtazama mtoto usoni.