Kimya cha Omokachi: Hofu Isiyo na Mchawi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa kuandika hadithi ya kutisha, aghalabu huleta vitu vilevile: bundi, fisi, makaburi usiku wa manane, na bibi kizee mwenye macho mekundu. Kuelekea mwisho, bibi huyo hugunduliwa, hufukuzwa au huuawa, na kijiji hupata amani. Sisi walimu husahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi, tukatoa alama, tukachukua daftari linalofuata. Ni mara chache tunapouliza mwisho wa namna hiyo unamfundisha nini aliyeuandika.

Makala haya yanahakiki riwaya ambayo haina bundi wala bibi wa aina hiyo, na bado inatisha. Ni The Concubine ya Elechi Amadi, iliyochapishwa mwaka 1966 na kampuni ya Heinemann. Wapo kati yetu walioisoma shuleni kwa Kiingereza kama hadithi ya mapenzi na mila za Kiafrika. Usomaji huo si mbaya, lakini unaacha nje jambo kubwa. Dai la makala haya ni kwamba The Concubine ni riwaya ya kutisha, na kwamba nguvu yake inatokana na kutunyima mchawi.

Amadi alizaliwa mwaka 1934 katika eneo la Waikwerre, karibu na Port Harcourt, kusini mwa Nigeria. Chuoni Ibadan alisomea fizikia na hisabati, baadaye akawa mwalimu na mwanajeshi, na alifariki mwaka 2016. Jambo la masomo yake si la kupita tu. Msimulizi wake husimulia matendo ya miungu kwa utulivu uleule anaousimulia mvua au mavuno. Hashangai, hakejeli, wala hamwombi msomaji aamini.

Mandhari ni kijiji cha Omokachi. Humo hamna mzungu, mmisionari wala mkusanya kodi. Watu hulima, hutega wanyama, huimba, hucheza ngoma na kupatanisha magomvi. Kwa juu juu ni kijiji kitulivu, lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ihuoma, mama mwenye umri wa miaka 22 hivi na watoto watatu, anasifiwa na kila mtu kwa uzuri na tabia njema. Mumewe, Emenike, anapigana na Madume kwa sababu ya ardhi, anaumia, na baadaye anaugua kifua na kufariki. Madume anaitamani ardhi ya marehemu, na anamtamani mjane pia. Siku moja, akikata mkungu wa ndizi katika shamba analogombania, swila anamtemea sumu machoni. Anapofuka, na mwishowe anajinyonga. Kisha anakuja Ekwueme, kijana aliyechumbiwa Ahurole tangu utotoni ingawa moyo wake uko kwa Ihuoma. Ihuoma anamkataa kwa kuheshimu mila, na Ekwueme anamwoa Ahurole. Ndoa haina raha. Ahurole anamlisha mumewe dawa ya mapenzi, dawa inamtia wazimu, naye mke anakimbilia kwao.

Ekwueme anapopona, wazazi wake wanakubali amwoe Ihuoma. Hapo ndipo mganga Anyika anapopiga ramli na kutoa habari nzito: kabla ya kuzaliwa, Ihuoma alikuwa mke wa Mfalme wa Bahari. Alitoka majini kwa kupenda kuishi na wanadamu, na mumewe huyo, kwa kumpenda, akamwacha aende. Lakini mwanamume yeyote atakayemfanya mke atakufa. Mganga mwingine anaahidi kumfunga Mfalme huyo kwa kafara usiku wa manane. Wakati wa matayarisho, watoto wanawinda mijusi ya kafara kwa mishale. Mshale wa Nwonna, mwana wa Ihuoma, unampata Ekwueme, naye anafariki.

Tuangalie sasa jinsi hofu inavyojengwa. Kila pigo katika riwaya hii lina sababu mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: ugonjwa wa kifua, nyoka shambani, mshale uliokosa shabaha. Mambo haya hutokea katika kijiji chochote, na hakuna hata moja linalohitaji miujiza. Ya pili inakuja baadaye sana, kwa kinywa cha mganga, na inatulazimisha kurudi nyuma na kusoma upya kurasa tulizozipita bila wasiwasi. Mfalme wa Bahari hatumwoni hata mara moja. Hasemi wala hatishii. Ndiyo maana tunabaki bila pa kukimbilia. Tukisema ni ajali, ajali zimekuwa nyingi mno kwa mwanamke mmoja. Tukisema ni Mfalme, hatuna ushahidi ila ramli.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ulinganisho na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) unasaidia. Huko pia kuna mahali panapoogopwa, lakini anakuja mpelelezi Bwana Msa na akili zake, na fumbo linafumbuliwa. Omokachi hakuna Bwana Msa. Mwenye maelezo ni mganga, na maelezo yake hayamwokoi mtu.

Linalotugusa zaidi ni kwamba hakuna wa kulaumiwa. Ihuoma hamtakii yeyote mabaya, wala riwaya haimpi nia yoyote ya kudhuru. Ndiye mtu mwema kuliko wote kijijini, na ndiye ambaye karibu yake watu hufa. Wambeya hawakosekani, lakini hakuna umati unaomjia mlangoni na mapanga. Anyika, anayejua siri, anashauri ndoa isifungwe. Hashauri mjane aadhibiwe.

Hapa fasihi inagusa maisha yetu. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine wakiponzwa na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mjane anayefiwa mara ya pili huitwa mwenye nuksi katika jamii nyingi za ukanda wetu. Hadithi inayomtafuta mchawi na kumpata humpa msomaji nafuu, na nafuu hiyo inalipiwa na mtu fulani. Kwa kawaida mtu huyo ni mwanamke, tena mzee au mpweke. Amadi anatuonyesha kwamba jamii inaweza kuamini nguvu zisizoonekana, ikaziogopa kwa dhati, na bado isimuue jirani yake.

Hata hivyo, riwaya si bila dosari. Kwanza, Ihuoma amechorwa mkamilifu kupita kiasi. Kwa sehemu kubwa tunamfahamu kupitia sifa anazopewa na wengine. Pili, Ahurole ameonewa. Ni msichana aliyeozwa kwa ahadi ya wazazi, kwa mume anayempenda mwingine, lakini machozi yake yanafanywa ishara ya roho inayomsumbua. Akishatoroka, msimulizi hashughuliki naye tena. Tatu, upo uwezekano wa msomaji kufunga kitabu akisema, “Kumbe kweli, mwanamke huyo alikuwa anaua wanaume.” Amadi hakuweka sauti ya kumpinga msomaji huyo. Jukumu hilo limeachiwa darasa, na mwalimu asipolibeba, somo linaweza kuthibitisha dhana ileile tunayotaka ihojiwe.

Kwa wanafunzi wa tafsiri, jina la riwaya peke yake ni mtihani. Concubine tutamwitaje? “Suria” linabeba historia ya utumwa wa pwani, na Ihuoma si mtumwa wa mtu. “Hawara” na “kimada” ni maneno ya kashfa. Yakiwekwa kwenye jalada, msomaji atamhukumu Ihuoma kabla ya ukurasa wa kwanza. Isitoshe, katika riwaya yenyewe Ihuoma hawi hawara wa mtu. Jina linatokana na maelezo ya Anyika kwamba mwanamume angeweza kuwa naye kwa namna hiyo, mradi asimwoe. Maoni yangu ni kwamba “Mke wa Mfalme wa Bahari” lingetoa siri mapema mno, na kwamba “Suria”, pamoja na matatizo yake, lina heshima zaidi kuliko mengine.

Vivyo hivyo kwa huyo Mfalme. Wanafunzi waliokulia pwani watamwita upesi jini mahaba, yule anayesemekana kumpenda mwanamke na kumzuia asiolewe. Ufanano upo, lakini tuwe waangalifu. Aliyepagawa na jini mahaba hupungwa, na anayehesabiwa kuwa mgeni ni jini. Katika riwaya hii mwanamke mwenyewe ndiye aliyetoka majini, kwa hiari, kwa sababu ya kutupenda sisi wanadamu. Tukitumia “jini mahaba” tutakuwa tumefuta wazo zito kuliko yote katika kitabu.

Napendekeza zoezi moja kwa walimu wenzangu. Wanafunzi waandike hadithi ya kutisha ya kurasa tatu, itokee kijijini mchana, na pasiwe na mchawi wa kukamatwa. Kila tukio la kutisha liwe na sababu ya kawaida inayotosha. Kisha darasa lijadili: ni nani tulimshuku tulipokuwa tukisoma, na kwa nini tulimshuku yeye? Majibu yatatueleza kuhusu hadithi, na yatatueleza zaidi kuhusu sisi wenyewe.