Mpira Uko Wapi?

Mwaka 2025 sauti mbili kubwa za kabumbu katika Afrika Mashariki zilinyamaza. Mwezi wa Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, na mwezi wa Mei akafuata Charles Hilary, ambaye sisi wa Tanzania tulimjua tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam. Walisifiwa, kama ilivyo haki yao. Lakini katika sifa nilizozisoma mimi sikuona mtu aliyegusa kazi yenyewe: mtangazaji wa mpira redioni alikuwa anafanya nini na maneno, na wapi alifaulu, na wapi alituharibu? Tuna wahakiki wa ngano, wa mashairi, hata wa mafumbo ya kanga. Utangazaji wa mpira, ambao ulisimamisha kazi mashambani na kuwatoa watu misikitini na makanisani kwa haraka isiyo na adabu, umeachwa kama vile si sanaa.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili. Mimi ni mpenzi wa Simba tangu 1974, nikiwa mtoto wa miaka tisa, na katika miaka kumi na tisa ya kwanza ya mapenzi hayo sikuwahi kuiona Simba ikicheza. Tulikaa Kaliua, kwenye reli ya kati, ambako baba yangu alikuwa karani wa stesheni. Simba haikupita pale ila kwa treni. Kwa hiyo nilichokipenda, tukisema kweli, hakikuwa timu. Kilikuwa sauti ya mtu aliyeniambia kwamba ipo timu.

Hebu tuanze na ufundi wake, maana ulikuwepo. Kabla ya filimbi ya kwanza mtangazaji mzuri alikupangia uwanja. Alisema Simba wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Maneno hayo machache yalikuwa na nguvu ya ajabu. Baba aliweka redio juu ya kigoda, uso wake ukitutazama, na tangu hapo hapakuwa na ruhusa ya kuigeuza. Waliokaa kulia walikuwa langoni mwa Yanga, waliokaa kushoto walikuwa langoni mwetu, na mjomba wangu, aliyeniingiza katika Simba, alikuwa akihama na mkeka wake wakati wa mapumziko ili asikae tena upande wa kufungwa. Ua wetu ulikuwa umekwisha kuwa Uwanja wa Taifa.

Halafu kuna kitenzi. Kiswahili kinamruhusu msemaji atangulize tendo na kuchelewesha jina. Mtangazaji aliweza kusema, anao, anao, anageuka, anampita mmoja, anapiga! na wewe bado hujui ni nani anayepiga. Kati ya tendo na jina moyo ulisimama. Lugha nyingine humtaja mtu kwanza ndipo zieleze alichofanya. Yetu ilitupa hofu kwanza, mtu baadaye. Watangazaji wazuri, kina Ahmed Jongo na wenzake wa Redio Tanzania, walijua kuitumia nafasi hiyo bila kuichosha. Na msikilizaji mzoefu alijua jambo jingine: mtangazaji alipotoka kwenye "anapiga" akaingia kwenye "akapiga", alikuwa ameachwa nyuma na mchezo na sasa anasimulia yaliyopita. Mjomba alikuwa akiguna kila aliposikia hiyo "ka". Alikuwa mhakiki, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Agosti 1974 walikutana Nyamagana, Mwanza. Adam Sabu akatufungia mapema. Tukalinda bao hilo kwa masikio, kama mtu anavyolinda taa kwenye upepo, mpaka dakika za mwisho, Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaipa Yanga bao la pili. Baba yangu ni Yanga. Redio ilikuwa yake na betri alizinunua yeye, nikawa ninaumizwa kwa gharama za mtani. Mwaka huo huo Simba walifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri. Miaka mitatu baadaye, Julai 1977, Simba wakaifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibaden akifunga matatu. Kwa bao la nne baba aliinuka akaenda stesheni, na siku hiyo hapakuwa na treni.

Hizo ndizo sifa. Sasa madhara, kwa sababu anayependa kitu bila kukichunguza ni mkereketwa tu, na nchi hii haina upungufu wa wakereketwa.

Kosa la kwanza ni dogo, kutia chumvi. Kila shuti lilikuwa kombora, kila mpira uliotoka nje ulipita sentimita chache juu ya mwamba. Hatukuwa na njia ya kuhakiki, tukaamini. Kosa la pili ni zito. Simba au Yanga walipocheza na timu ya mikoani, wachezaji wa Dar es Salaam walikuwa na majina, na juu ya majina walikuwa na lakabu, na juu ya lakabu walikuwa na historia. Wale wengine mara nyingi walikuwa namba. Namba saba anatoa krosi, namba nne anaokoa. Mtangazaji pengine hakupewa orodha kwa wakati, namwelewa. Lakini mtoto wa Kaliua hawezi kulala anaota kuwa namba nne. Tabora ilikuwa na timu zake, na vijana wake wenye mama na majina, karibu nasi kuliko Msimbazi au Jangwani. Hatukuzipenda kwa kuwa hazikutamkwa. Watu hueleza kugawanyika kwa taifa zima kati ya klabu mbili za Kariakoo, moja ya 1935 na nyingine ya 1936, kwa hoja za siasa na za mji. Mimi nadhani nusu ya habari hiyo imo katika orodha ya wachezaji iliyokuwa mezani kwa mtangazaji.

Niliiona Simba kwa mara ya kwanza Novemba 1993. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nikapanda treni kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Kule kwao tulikuwa tumetoka 0-0. Rais Mwinyi alikuwepo uwanjani. Nilichokiona kwanza kilikuwa udogo wa mambo: watu wadogo, mpira mdogo, na kelele ambazo hazikunieleza chochote. Hapakuwa na kulia wala kushoto mwa kitu chochote. Jirani yangu alikuwa na redio ndogo sikioni, na nilijikuta ninamwinamia yeye huku macho yangu yakiwa uwanjani, maana bila ile sauti sikujua ninaona nini. Tulifungwa 2-0. Mabao yote mawili niliyaona, na hata leo nikiyakumbuka ninayakumbuka kwa sauti.

Mwaka uliofuata televisheni ilianza Tanzania Bara. Kwa ligi yetu mabadiliko ya kweli yalikuja baadaye, Azam walipoanza kuionyesha mwaka 2013, na mwaka 2021 walitia saini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hapa sina malalamiko. Mtoto wa Kaliua leo anamwona beki wa Tabora kwa jina lake na sura yake, na lile kosa zito la redio limepungua sana. Picha pia zimewanyang'anya watangazaji chumvi: mpira ukipita mita tatu juu ya mwamba sote tunauona.

Lakini sikilizeni maneno. Mtangazaji wa sasa anajua kwamba tunaona, na kwa hiyo ameliacha lile jukumu la kutuambia. Bali hajapata jukumu jingine mahali pake. Anajaza nafasi kwa sifa, misemo ya mjini, salamu, matangazo ya biashara, na kumlinganisha kila winga na winga wa Ulaya. Kitenzi kimekufa, kimebaki kivumishi. Unaweza kufumba macho dakika nzima na usijue mpira uko upande gani. Wapo wachache wanaojua kunyamaza picha inapotosha, na hao nawaheshimu, kwa sababu kunyamaza hewani ni kazi ngumu kuliko kusema.

Na nje ya dakika tisini amezuka mtu wa tatu, msemaji wa klabu. Siku hizi yeye ndiye anayesikika kuliko kocha na nahodha. Simwiti mtu kwa jina, maana wanabadilika na kuhamahama. Baadhi yao ni mafundi kweli wa maneno. Nimecheka sana nikiwasikiliza, pamoja na wa upande ule. Wanasemwa kuwa wanaendeleza majigambo, ile sanaa yetu ya zamani. Sikubali. Mwenye majigambo hujisifu kwa alichokitenda yeye mwenyewe, na waliokuwepo vitani wanaweza kumkanusha. Msemaji anajisifu kwa watakachotenda wengine Jumamosi, na Jumatatu, mambo yakiharibika, haulizwi. Matokeo ni kwamba kijana anaweza kuwa shabiki kwa wiki nzima bila mpira kuguswa.

Nisingeyaona haya vizuri kama si baba. Mzee ana zaidi ya miaka themanini, na presha ya macho imemwachia mwanga bila maumbo. Bado ni Yanga. Tarehe 5 Novemba 2023, siku ya Simba na Yanga, alitaka kukaa sebuleni pamoja na wajukuu mbele ya televisheni. Tukajaribu kumwekea redio pembeni, lakini redio ilitangulia picha kwa sekunde kadhaa, Musonda akafunga redioni kabla hajafunga kwenye kioo, na wajukuu wakapiga kelele kwamba babu anawaharibia. Redio ikazimwa. Akasikiliza televisheni kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu bwana anasema nini? Mpira uko wapi?"

Nikaanza kumtangazia. Kibu Denis alipokuwa amekwisha kusawazisha ilikuwa kazi tamu, na mpaka mapumziko, 1-1, nilijiona nafaa. Kipindi cha pili, kwa wasiokumbuka, Yanga walifunga manne: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacôme Zouzoua kwa penati. Yote hayo niliyapeleka mimi, Simba wa miaka arobaini na tisa, kwenye sikio la Yanga. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba lazima useme upande kabla ya kusema mtu. Nikimtaja Maxi bila kumwambia yuko wapi, mzee alibaki ananing'inia. La pili, sauti ikinywea kwa hasira bao linafika limekufa. Baada ya la tatu nilisema tu, "Wamefunga." Akasubiri. Kisha, kwa upole, kama mtu anayedai chenji yake, akasema, "Limefungwaje, baba?" Akaniita baba, kama anavyoniita akitaka kitu, kwa kuwa nina jina la baba yake. Nikarudi nyuma, nikalianza bao upya kutoka katikati ya uwanja, kwa "ka" zote, akapita, akatoa, akapiga, na nikampa kama alivyostahili kupewa. Wajukuu wakageuka wakanitazama.

Nilikumbuka wale watangazaji wa Redio Tanzania. Bila shaka nao walikuwa na timu zao. Hakuna mtu Dar es Salaam asiye na timu. Miaka yote hiyo sisi wa Kaliua tulibishana nani ni Simba na nani ni Yanga, na hatukuwahi kukubaliana. Nilipokuwa kijana nilidhani hiyo ni siri tu. Sasa nadhani ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeitaja anapowasifu.

Mei 2025 Simba walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Berkane ya Morocco, marudiano yakiwa Amaan, Zanzibar, baada ya kufungwa 2-0 kule kwao. Mzee aliomba aletwe sebuleni mapema. Miaka miwili kabla Yanga yake ilikuwa imelikosa kombe hilo hilo mbele ya USM Alger. Nilimwambia Simba wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, akageuza kiti chake kidogo. Tulitangulia kufunga, wakasawazisha dakika za nyongeza, 1-1, kombe likaenda. Nililitangaza lile bao lao lote, mpaka nyavuni. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza ni upande gani, nikamwambia ni upande wa dirisha.