Mchezo, Cheo na Wajibu: Uhakiki wa Maelezo ya Jumuiya za Wachezaji

Utangulizi

Kitenzi kucheza kina mawanda mapana katika Kiswahili. Mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza karata. Na katika miji ya Tanzania wanawake wanaochangiana fedha kwa zamu husema kwamba wanacheza mchezo, jambo ambalo Wakongo huliita likelemba. Upana huu si dalili ya uhaba wa msamiati. Unaashiria kwamba, kwa wasemaji wa lugha hii, mchezo ni shughuli ya watu waliounganishwa na kanuni, na kwamba kanuni hizo zaweza kubeba mzigo halisi wa fedha, heshima na wajibu.

Makala haya yanalitumia wazo hilo kuwa kipimo katika kuhakiki maandishi mawili yanayorejelewa mara kwa mara kuhusu michezo ya awali ya kuigiza dhima katika mitandao ya kompyuta: insha ya Julian Dibbell ya mwaka 1993 na makala ya Richard Bartle ya mwaka 1996. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maandishi hayo yameeleza vema tabia ya mchezaji na mamlaka ya mwenye mtambo, lakini hayakuuliza vya kutosha ni kitu gani kinachomfunga mchezaji kwa mwenzake. Swali hilo lilikwisha kupata jibu, kwa namna yake, katika vyama vya ngoma ya beni vya Afrika Mashariki.

Ulimwengu wa maneno

Mchezo mashuhuri uliotangulia mingine ya aina hii, MUD, ulianzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ukaendelezwa na Bartle. Haukuwa na picha. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba, akaandika tendo au usemi wake, na wenzake wakausoma papo hapo katika skrini zao. Kwa hiyo, yaliyotendeka humo yalikuwa maneno matupu. Kwa umbo, ni fasihi andishi. Kwa utendaji, yanakaribia fasihi simulizi, maana huzaliwa mbele ya hadhira, hadhira yenyewe hushiriki, nayo hupotea yasipohifadhiwa.

Katika makala yake, Bartle anawagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaovumbua siri za ulimwengu wa mchezo, wanaopenda maongezi, na wanaofurahia kuwashambulia wenzao. Nguvu ya mgawanyo huu ni kuonyesha kwamba mchezo mmoja huwa michezo minne kwa watu wanne. Udhaifu wake unatokana na mahali anaposimama mwandishi. Bartle ni mmoja wa waundaji wa MUD, naye huwatazama wachezaji kutoka kiti cha msimamizi. Anachunguza jinsi kundi moja linavyoongezeka au kupungua kundi jingine linapozidi, na jinsi msimamizi awezavyo kurekebisha uwiano huo. Mchezaji anabaki kuwa idadi ya kusawazishwa. Hana jirani, hana deni, wala hana aliyemlea katika mchezo.

Historia ya Ultima Online, mchezo uliofunguliwa mwaka 1997, inaonyesha mtazamo huo ukifanya kazi. Unyang'anyi na mauaji ya wahusika yalipowachosha wengi, wenye mchezo waliugawa ulimwengu wake sehemu mbili mwaka 2000, na katika mojawapo wakaondoa uwezekano wa kumshambulia mwenzio bila ridhaa yake. Amani ilipatikana kwa ukuta. Wachezaji wenyewe hawakuijenga kwa kupatana.

Mchawi na mkutano

Insha ya Dibbell, iliyochapishwa katika gazeti la The Village Voice, inakwenda mbali zaidi. Inahusu LambdaMOO, ulimwengu wa maneno ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Mhusika mmoja alitumia programu ndogo kuwafanya wahusika wengine waonekane wakishiriki matendo ya aibu ya kijinsia bila ridhaa ya wenyewe. Waliotendewa hivyo waliumia kweli, ijapokuwa hakuna mwili ulioguswa. Wachezaji wakakutana kujadili adhabu, wasiafikiane. Hatimaye msimamizi mmoja, kwa uamuzi wake binafsi, alimfuta mhusika yule. Baadaye mkosaji alirudi kwa jina jingine.

Sifa kubwa ya Dibbell ni kuthibitisha kwamba maneno katika mchezo ni matendo. Msomaji aliyezoea malumbano ya washairi hatalionea ajabu. Hata hivyo, mkazo wa insha uko katika sheria: kutoka kwa kosa hadi mkutano, kutoka kwa mkutano hadi utaratibu wa maombi na kura uliowekwa na Curtis. Matukio yaliyofuata yalidhihirisha udhaifu wa msingi huo. Mwaka 1996 wasimamizi walitangaza kwamba watarudi kuamua mambo ya kijamii, jukumu ambalo walijaribu kulitua mwaka 1992. Kura ilikuwepo, lakini mtambo ulikuwa na mwenyewe.

Wasimamizi hao waliitwa kwa Kiingereza jina ambalo tafsiri yake ya haraka ni wachawi. Mfasiri wa Bukavu angesita. Mchawi, au mulozi kama asemavyo mtu wa Kadutu, hudhuru kwa siri. Mganga hutibu kwa idhini ya jamii na huulizwa anapokosea. Msimamizi wa LambdaMOO alikuwa na nguvu za wote wawili, bila ya kulazimika kujibu kama mganga.

Beni kama kipimo

Katika kitabu chake cha mwaka 1975, T. O. Ranger anafuatilia ngoma ya beni kuanzia miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Vyama vilishindana kwa gwaride, mavazi na nyimbo, na wanachama wakajipa vyeo vya kifalme, vya kijeshi na vya kiserikali. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani yalitia fora majina ya Marini na Arinoti. Vita Kuu ya Kwanza iliwasambaza askari na wapagazi, na ngoma ikasafiri nao, hata ikafika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. J. Clyde Mitchell, aliyeandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela huko Luanshya, aliwakuta vibarua wakiwa na mfalme wao, daktari aliyevaa joho jeupe, na mwanamke aliyeigiza muuguzi akiwapitishia wachezaji kioo na kitambaa.

Ranger anakataa, kwa haki, dai kwamba huko kulikuwa kuiga Wazungu tu. Chama cha beni kiliwazika wafu wake, kiliwapokea wanachama waliofika ugenini na kuwasaidia wenye shida. Hapa ndipo tofauti na LambdaMOO inapojitokeza. Mfalme wa beni hakuweza kubadili jina jioni na kurudi asubuhi akiwa mtu mpya, kwa sababu mtaa mzima ulimjua. Cheo chake kilikuwa cha mchezo, lakini gharama na wajibu wake havikuwa vya mchezo.

Haifai, hata hivyo, kuisifu beni kupita kiasi. Mashindano yalikula fedha nyingi, na vyama vilipanga watu kwa madaraja yaliyofanana na yale ya mji wa kikoloni. Wajibu uliomhifadhi mwanachama ndio uliombana. Uhuru wa kuanza upya, ambao MUD ulimpa mtu aliyechoka na jina lake, ni tunu ambayo beni haikuwa nayo.

Lugha kama alama

Suala la tatu halikuweza kuonekana kutoka Essex wala California. LambdaMOO ilimtaka mchezaji achague viwakilishi vya jinsia, na mjadala mrefu ulizuka juu ya wanaume waliojifanya wanawake. Katika Kiswahili, yeye na kiambishi a- havitaji jinsia. Mhusika angeweza kuishi bila kuulizwa. Lakini angesalimiwaje? Huko Bukavu angehitaji kuitwa papa, mama au yaya, na hapo jinsia na umri vingeingia kwa mlango wa adabu. Aidha, pale ambapo watu huwa batu na watoto huwa batoto, sentensi moja ingetosha kufichua atokako msemaji. Katika ulimwengu wa maneno, lahaja ndiyo sura ya mtu.

Hitimisho

Maandishi ya Bartle na Dibbell yanastahili kusomwa katika idara za Kiswahili, mradi yasichukuliwe kuwa mwanzo wa habari. Bartle anafaa kueleza kwa nini watu hucheza, na Dibbell kwa nini mchezo huumiza. Beni inaongeza swali la tatu: mwenye cheo anawiwa nini na wenzake? Katika Kivu Kusini, ambako tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wamejitwalia vyeo vya kijeshi bila ya kuwajibika kwa yeyote, swali hilo halina mzaha. Mhakiki atakayechunguza jumuiya za vijana wa Bukavu katika mitandao na aanze hapo: achunguze ni nani anayetoa cheo, nani awezaye kukivua, na nani atakayefika matangani siku mwenye cheo atakapofiwa.