Bibi wa Malacca, Cheti cha Tenerife

Juni 10, 2025, kwenye Uwanja wa Bukit Jalil mjini Kuala Lumpur, Malaysia iliichapa Vietnam mabao 4-0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Asia. Mawili kati ya hayo yalifungwa na João Figueiredo, mzaliwa wa Brazil, na Rodrigo Holgado, mzaliwa wa Argentina. Kesho yake tu malalamiko kuhusu uhalali wa wachezaji yakawa yameshatua FIFA. Septemba 26 hukumu ikatoka: wachezaji saba wa Malaysia, wakiwemo hao wawili, walifungiwa miezi 12 na kupigwa faini ya faranga 2,000 za Uswisi kila mmoja, na shirikisho la soka la Malaysia, FAM, likatozwa faranga 350,000. Walitiwa hatiani kwa kughushi nyaraka. Rufaa yao ikatupwa Novemba 3.

Kashfa yenyewe imeshasemwa sana. Mimi nataka kuangalia ufundi wake, yaani mlango upi ulitumika na kwa nini haukuchukua muda kugundulika.

Kanuni za FIFA zinaanza na uraia. Bila pasi ya nchi huchezi, hata kama ukoo mzima umezikwa huko. Ila kwa aliyepata uraia mpya ukubwani, pasi peke yake haitoshi. Lazima atimize angalau sharti moja kati ya haya: awe amezaliwa nchini humo, au mama au baba yake wa damu amezaliwa humo, au bibi au babu yake, au awe ameishi humo kwa muda uliowekwa. Kwa mtu aliyehamia akiwa na miaka 18 au zaidi, muda huo ni miaka mitano.

Ukiwa kocha unayetaka timu ya kushinda mwaka huu, utaona mwenyewe mlango uliobaki. Alikozaliwa mchezaji dunia nzima inajua, na wazazi wake mara nyingi bado wako hai na wanapokea simu. Miaka mitano ya ukaazi haina njia ya mkato. Anabaki bibi, ambaye pengine alishafariki zamani na cheti chake hakuna aliyewahi kukiulizia.

Basi bibi na babu wa wale saba wakahamishwa. Kwenye karatasi zilizowasilishwa, bibi yake Gabriel Palmero alizaliwa Malacca. Babu yake Holgado alizaliwa George Town, kisiwani Penang. Wa Jon Irazábal alizaliwa Kuching, Sarawak. Na wa Hector Hevel naye Malacca. Tazama miji iliyochaguliwa. Karibu yote ni ya pwani, na Malacca na Penang ni bandari kongwe zilizotawaliwa na Waingereza, ambako mabaharia, wafanyabiashara na makarani wa kila taifa walipita na kuacha watoto. Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja, Mhispania kuzaliwa kwenye bandari ya namna hiyo si jambo la kushangaza. Ningekuwa karani ninayepokea faili hilo Ijumaa jioni, nami pengine ningeligonga muhuri.

FAM ilikuwa imewauliza FIFA kuhusu wachezaji hao kabla ya kuwachezesha, na majibu yalitolewa kwa kutegemea nyaraka zilizoambatanishwa. Hapo ndipo pana udhaifu wa utaratibu mzima: anayeomba ndiye anayeleta ushahidi, na anayejibu hana daftari la vizazi la Malaysia mezani kwake.

Walichokosea waliopika mpango huu ni kusahau kwamba mtu huandikishwa mahali alipozaliwa kweli. Ukibadilisha karatasi Kuala Lumpur, hujaigusa karatasi ya Argentina. Malalamiko yalipofika, FIFA haikuhitaji kubishana na nakala za Malaysia. Iliulizia asili kule kwingine. Ikampata bibi wa Palmero kwenye kumbukumbu za Santa Cruz de Tenerife, babu wa Holgado Buenos Aires, wa Irazábal Guernica, wa Hevel The Hague. Saba kati ya saba. Idara ya usajili ya Malaysia nayo ikaeleza kuwa haikuwa na rekodi asilia zilizoandikwa kwa mkono, na kwamba vyeti vilitolewa kwa kutegemea taarifa na nakala kutoka nje. FAM ikasema ni kosa la kiufundi la watumishi wake. Kosa la kiufundi humpata mtu mmoja, labda wawili.

Upande wa pili wa kanuni hizi kuna Emilio Nsue, na kwangu kisa chake kinauma zaidi. Baba yake ni wa Guinea ya Ikweta, hakuna anayebisha. Lakini yeye alizaliwa Hispania na kuzichezea timu zake za vijana katika mashindano rasmi, na mchezaji wa namna hiyo anahitaji kibali cha kubadili shirikisho. Sharti mojawapo la kibali ni kwamba siku alipoichezea nchi ya kwanza mechi rasmi tayari alikuwa na uraia wa nchi ya pili. Machi 2013, bila kibali hicho, aliifungia Guinea ya Ikweta mabao matatu dhidi ya Cape Verde, na FIFA ikawapa Cape Verde ushindi wa mezani. Pamoja na onyo hilo aliendelea kuitwa miaka yote, hadi akawa mfungaji bora wa AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, akiwa na mabao matano. Mei mwaka huohuo FIFA ikasema hakuwahi kuwa halali. Ushindi wa 1-0 dhidi ya Namibia na Liberia ukageuzwa kuwa vipigo vya 3-0.

Kwetu Tanzania mjadala uliwaka Januari 2025, wachezaji watatu wa Singida Black Stars kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea walipopewa uraia wa tajnisi. Vijiweni ikawa wanaingia Taifa Stars kesho. Wasio na mzazi wala bibi mzaliwa wa Tanzania hubaki na mlango wa miaka mitano tu, uraia uwe umetolewa kwa haraka kiasi gani.

Wanaonisumbua zaidi ni vijana wa Leicester au Stockholm ambao bibi zao ni wa kweli kabisa. Kwanza wanakutana na sheria ya Tanzania, ambayo kwa ujumla hairuhusu mtu mzima kushika pasi mbili. Wakilivuka hilo, wanadaiwa cheti cha bibi aliyezaliwa Newala au Kasulu enzi za mkoloni, ambaye pengine hakuandikishwa popote. Kitakachopelekwa FIFA ni kiapo cha wazee na cheti kilichotolewa miaka mingi baadaye kwa maelezo ya ndugu. Baada ya Malaysia, nyaraka za namna hiyo ndizo zitakazotazamwa kwa jicho kali kuliko zote, na kwa bibi huyu hakuna Tenerife ya kwenda kuuliza.